Kuchenjua Upya Mabaki ya Migodi ya Zamani na Kuirejesha Ardhi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Tuchukue bwawa la mabaki, yaani mchanga na tope vilivyotupwa baada ya mgodi kutoa madini yake, lenye tani milioni 2, ambamo kila tani ina gramu 0.8 za dhahabu. Mtambo ukifaulu kutoa nusu ya dhahabu hiyo, zitapatikana kilo 800, nazo ni mali nyingi. Hata hivyo, siku kazi itakapokwisha zitakuwa zimebaki tani 1,999,999.2 za mchanga na tope, na mzigo huo wote lazima ulazwe mahali ambapo utatulia kwa karne nyingi. Anayeuona mradi wa namna hii kuwa ni kazi ya kutafuta dhahabu, shaba au kobalti peke yake amehesabu upande mmoja tu. Upande wa pili, ambao kwa uzito ndio karibu kazi nzima, ni kuyaweka upya mabaki yaliyoachwa vibaya na waliotangulia, huku thamani ya madini yanayopatikana ikiigharimia kazi hiyo.

Malundo ya zamani yana madini kwa sababu zinazoeleweka. Mitambo ya enzi hizo mara nyingi ilisaga mbale (mwamba wenye madini) bila kuilainisha vya kutosha, hivyo chembe za madini zikabaki zimefungwa ndani ya punje za mwamba. Mitambo mingine ilitafuta madini ya aina moja na kuyatupa mengine ambayo wakati huo hayakuwa na soko. Mgodi wa shaba wa Kilembe, nchini Uganda, ulipokuwa ukifanya kazi kati ya 1956 na 1982, uliacha mjini Kasese lundo la pairaiti (madini ya chuma na salfa) lenye takriban asilimia 1.4 ya kobalti. Mvua ikawa inachukua asidi na metali kutoka lundo hilo kuelekea Hifadhi ya Queen Elizabeth, hadi mtambo unaotumia bakteria ulipoanza kulichenjua mwishoni mwa miaka ya 1990. Huko Witwatersrand, Afrika Kusini, malundo yenye chini ya nusu gramu ya dhahabu kwa tani yanachenjuliwa tena kwa faida, kwa kuwa hakuna tena gharama ya kulipua mwamba wala ya kuupandisha kutoka chini ya ardhi, na kazi ya kuusaga ilikwisha kufanywa na watu wengine.

Hatua ya 1: Amua mahali pa mwisho pa mabaki kabla ya jambo lingine lolote

Wengi huanza kwa kupima dhahabu. Ni afadhali kuanza kwa kuchora ramani ya eneo litakavyokuwa siku ya mwisho, ikionyesha mabaki mapya yatalala wapi, maji ya mvua yatapita wapi, na ardhi iliyoachwa wazi itatumika kwa kazi gani. Ikiwa ramani hiyo haiwezi kuchorwa, madini yaliyomo hayajawa mali bado, hata yakiwa mengi.

Mradi wa Baia Mare, nchini Romania, unapaswa kusomwa na kila anayeingia katika kazi hii. Mabaki ya zamani yaliyokuwa karibu na makazi ya watu yalichenjuliwa upya kwa sianidi, kisha yakasukumwa kwa mabomba hadi bwawa jipya nje ya mji. Usiku wa tarehe 30 Januari 2000, baada ya mvua kunyesha na theluji kuyeyuka, ukingo wa bwawa hilo jipya ulipasuka, na takriban mita za ujazo 100,000 za maji yenye sianidi zikamwagika hadi mto Tisza na hatimaye Danube, zikiua samaki kwa wingi katika nchi jirani ya Hungaria. Lundo la zamani lilikuwa na madhara yake ya polepole. Bwawa lililojengwa ili kuliondoa ndilo lililoleta maafa ya usiku mmoja.

Mahali pa kuyalaza mabaki pachaguliwe kwa mpangilio huu wa kupendelea. Kwanza, tazama kama kuna shimo la wazi la mgodi wa zamani lililo karibu, kwa sababu mabaki yaliyo ndani ya shimo hayana ukingo wa kupasuka. Ndivyo ilivyofanyika katika mgodi wa zinki wa Century, Queensland, Australia, ambako kuanzia 2018 mabaki yalichimbuliwa kwa mizinga ya maji (mitambo inayorusha maji kwa nguvu), yakachenjuliwa, na yaliyosalia yakarudishwa katika shimo la mgodi wenyewe. Sharti lake ni kujua kwanza maji ya ardhini yamesimama kina gani na kama nyufa za shimo zinawasiliana na visima vya watu. Pili, fikiria kuyarudisha katika mahandaki ya chini ya ardhi yakiwa uji mzito uliochanganywa na saruji kidogo. Tatu, yachujwe mpaka yawe na unyevu mdogo, yasambazwe kwa tabaka na kushindiliwa. Bwawa jipya lenye maji juu yake liwe chaguo la mwisho kabisa, tena baada ya sababu za kuyakataa mengine kuandikwa.

Hatua ya 2: Safisha suala la umiliki na dhima

Hatua hii ni ya makaratasi, lakini imezika miradi mingi. Katika baadhi ya nchi lundo ni mali ya mwenye ardhi, katika nyingine ni sehemu ya haki ya madini, na mahali pengine limerudi mikononi mwa serikali baada ya kampuni ya kwanza kufilisika. Pata leseni na kibali cha mazingira kinachotaja wazi kwamba kazi ni ya kuchenjua mabaki, kwa kuwa kibali cha uchimbaji wa kawaida huenda kisitoshe.

Suala zito zaidi ni dhima ya uchafuzi uliokuwepo kabla yako. Kabla ya kuligusa lundo, pima maji ya visima, mito na chemchemi zinazolizunguka kwa mwaka mzima ili masika na kiangazi vyote viingie, kisha hifadhi matokeo kwa mashahidi wanaokubalika na pande zote. Bila kumbukumbu hizo, kila kisima kitakachoonekana kuwa na arseniki baadaye kitahesabiwa kuwa kosa lako. Kaa pia na watu wanaojipatia riziki kwa kuosha mchanga wa lundo hilo, kwani mara nyingi wapo, ingawa ramani za kampuni haziwaonyeshi. Mpango wa kuwapa kazi au fidia ufanywe kabla ya uzio kuwekwa, si baada yake.

Hatua ya 3: Soma historia ya lundo, kisha lichoronge

Tafuta vitabu vya uzalishaji vya mgodi wa zamani: tani zilizoingia mtamboni, kiwango cha madini kilichoingia, na kiasi kilichotoka. Tofauti yake ndiyo makadirio ya kwanza ya kilichomo katika lundo. Uliza pia ni mwaka gani mtambo ulibadilishwa, kwa sababu tabaka za chini, zilizotoka katika mitambo ya kale, mara nyingi ndizo tajiri zaidi. Wazee waliofanya kazi mgodini ni hazina katika hili. Wanaweza kukumbuka mahali mifereji ilipomwaga tope na mahali palipozikwa mapipa ya kemikali au vyuma chakavu, mambo ambayo vitabu huwa havitaji.

Lundo halifanani kila sehemu. Tope linapomwagwa kutoka ukingoni, mchanga mzito hutua karibu na bomba, na tope laini huchukuliwa na maji hadi katikati ya bwawa. Kwa hiyo sampuli zilizochukuliwa ukingoni kwa koleo, mahali ambapo ni rahisi kufika, hazielezi habari za katikati. Pima eneo kwa miraba na kuchoronga, yaani kutoboa kwa mtambo ili kutoa sampuli, katika kila makutano, ukipita katika lundo lote hadi uifikie na kuipenya ardhi ya asili. Sampuli ichukuliwe kwa kila mita au mita moja na nusu ya kina, na uzito wa ujazo (uzito wa kila mita ya ujazo) upimwe katika tabaka mbalimbali, maana tani hupatikana kwa kuzidisha ujazo na uzito huo. Aliyeukisia bila kuupima anaweza kukosea makadirio yake yote kwa kiasi kikubwa. Mashimo machache yawekewe piezomita (mirija ya kupimia maji) ili kujua maji yamekaa wapi ndani ya lundo. Mtambo wa kuchoronga usipandishwe juu ya bwawa kabla mhandisi hajathibitisha kwamba sehemu ya juu inaubeba, kwani gamba lililokauka linaweza kuficha tope bichi chini yake.

Hatua ya 4: Pima madini, pima asidi, pima sumu

Maabara isiagizwe kupima metali unayoitaka peke yake. Agiza upimaji wa elementi nyingi kwa pamoja, ukijumuisha arseniki, risasi, kadimiamu, zebaki, salfa, na pale penye malundo ya bati au mchanga mzito (mchanga wenye madini mazito), thoriamu na urani. Monazaiti, ambayo hupatikana katika mabaki ya bati na hutafutwa siku hizi kwa ajili ya metali adimu za ardhi, huja pamoja na thoriamu yenye mionzi. Ukiikusanya kuwa makinikia (mchanga uliokolezwa madini), mionzi nayo hukusanyika.

Kisha fanya hesabu ya asidi, ambayo kwa maoni yangu ni muhimu kuliko hesabu ya dhahabu. Pairaiti inapokutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo huyeyusha metali zilizomo na kuzipeleka mtoni. Kila asilimia 1 ya salfa iliyo katika umbo la pairaiti huhitaji kilo 31.25 za kalsiamu kaboneti kwa tani moja ya mabaki ili asidi yake izimwe. Lundo lenye asilimia 2 ya salfa hiyo, basi, linahitaji kilo 62.5 kwa tani; kwa tani milioni 2 ni tani 125,000 za kaboneti, na mtu akiona hesabu hiyo ataelewa kwa nini kumwaga chokaa juu ya lundo tu hakujawahi kuwa suluhisho. Linganisha mahitaji hayo na kaboneti iliyomo tayari katika mwamba. Pale uwezo wa kuzima unapozidi uwezo wa kutoa asidi angalau mara mbili au tatu, hatari ni ndogo. Chini ya hapo endelea na vipimo vya miezi mingi vya kulowesha na kukausha sampuli.

Upimaji wa mwisho katika hatua hii ni wa darubini, ili kujua madini yamekaa vipi: je, dhahabu iko huru, imefungwa katika kwatsi, au imezama ndani ya pairaiti yenyewe? Je, shaba bado ni salfidi (metali iliyoungana na salfa), au miaka ya mvua imekwisha kuigeuza? Viwango vinaweza kuwa sawa katika malundo mawili, ilhali moja linalipa na la pili halilipi.

Hatua ya 5: Chagua njia ya kuchenjua kwa majaribio, si kwa mazoea

Utenganishaji kwa uzito, kwa meza za kutikisa au mitambo ya kuzungusha kwa kasi, ni rahisi na hauhitaji kemikali, lakini hupoteza nguvu kadiri chembe zinavyokuwa laini, na mabaki ya zamani yana chembe laini nyingi. Hufaa kwa bati, tantalamu, mchanga mzito na dhahabu iliyo huru. Sumaku hufaa kwa magnetaiti na kwa kutenganisha baadhi ya madini ya mchanga mzito.

Njia ya kuelea kwa povu, ambayo kemikali huzishika chembe za madini ili zielee pamoja na povu, ndiyo hutumika zaidi kwa salfidi za shaba, zinki na risasi. Hapa ipo tofauti kubwa kati ya mbale mpya na mabaki: chembe zilizokaa hewani kwa miongo mingi zimeota ngozi ya oksaidi, na kemikali ya kuzishika haizishiki tena. Majaribio yapime kama kuzisugua zenyewe kwa zenyewe ndani ya tangi, au kuzisaga tena kidogo, au kutia sodiamu salfaidi, kunairudisha sura ya chembe. Bila hatua hiyo mtambo mzuri unaweza kutoa povu tupu.

Kwa dhahabu, sianidi bado ndiyo inayotawala, na kwa mabaki yaliyokwisha kuwa na asidi ina hatari ya pekee. Sianidi ikiingia katika tope ambalo pH yake (kipimo cha asidi) ni ya chini, yaani lenye asidi, hugeuka kuwa gesi ya haidrojeni sianidi, ambayo huua kwa dakika chache. Kwa hiyo tope litiwe chokaa kwanza, pH ipande hadi 10.5 au zaidi na ithibitishwe kwa kipimo, ndipo sianidi iruhusiwe kuingia. Shaba iliyoyeyuka na chumvi za chuma zilizotokana na kuoza kwa salfidi hula sianidi nyingi, na gharama hiyo hujitokeza katika majaribio tu, wala haionekani katika kiwango cha dhahabu. Pale dhahabu au kobalti ilipofungwa ndani ya pairaiti, bakteria wanaokula chuma na salfa, kama ilivyofanyika Kasese, huivunja pairaiti ndani ya matangi yenye hewa nyingi. Asidi ambayo nje ingeua mto hutolewa kwa makusudi mahali inapoweza kuzimwa kwa chokaa.

Iwapo lundo liliachwa na wachenjuaji wadogo wa dhahabu, pima zebaki kabla ya kufikiria sianidi. Sianidi huyeyusha zebaki pia, na mchanganyiko huo husafiri na maji kwa urahisi kuliko zebaki iliyotulia mchangani. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa 2013 na kuanza kutumika 2017, umeitaja desturi ya kutia sianidi katika mchanga au mabaki yenye zebaki, bila kuitoa zebaki kwanza, kuwa miongoni mwa mambo ya kukomeshwa. Zebaki itolewe kwa utenganishaji wa uzito, ihifadhiwe katika vyombo vilivyofungwa, na ikabidhiwe kwa mamlaka inayohusika.

Katika kila jaribio, pima kilichobaki kwa makini sawa na kilichotoka. Mara nyingi inawezekana kuongeza matangi machache ya povu mwishoni mwa mtambo ili kuondoa salfidi yote, hata ile isiyo na thamani sokoni. Hapo mabaki hugawanyika katika sehemu mbili: sehemu kubwa ambayo haitoi asidi na inaweza kurejeshwa kwa gharama nafuu, na sehemu ndogo yenye salfidi ambayo huhifadhiwa peke yake chini ya maji au ndani kabisa ya mahandaki. Wahasibu hulikataa jambo hili kwa sababu halileti mapato. Waambiwe wahesabu upya kwa kuweka kando yake gharama ya kutibu maji ya asidi kwa miaka 50, na wataona jibu linabadilika.

Hatua ya 6: Fanya hesabu inayoihusisha ardhi

Katika safu ya gharama weka uchimbuaji wa lundo, usafirishaji, kemikali, nishati, maji, utibuji wa maji, ujenzi wa mahali papya, usafishaji wa sakafu ya zamani, kifuniko, upandaji mimea na ufuatiliaji. Fedha za ukarabati zitengwe kwa kila tani inayopita mtamboni na ziwekwe katika akaunti ambayo mwendeshaji hawezi kuigusa bila idhini ya msimamizi. Bei ya metali hushuka bila kutoa taarifa, na lundo lililochimbuliwa nusu kisha likaachwa ni hatari kuliko lile ambalo halikuguswa: kingo zake zimekatwa, salfidi mpya zimefunuliwa kwa hewa, na mtambo umeondoka. Jaribu hesabu yako kwa bei ya chini kuliko ya sasa, na uweke sharti kwamba lundo litachimbuliwa kwa vipande ambavyo kila kimoja, kikiisha, kinaweza kuachwa salama endapo kazi itasimama.

Mchanga unaobaki unaweza kuuzwa kwa ujenzi, matofali au kujazia barabara, na hili hupunguza mzigo wa kulaza. Lakini usiuzwe kabla ya vipimo vya kuvuja metali kukamilika. Katika machimbo ya risasi na zinki ya Picher, Oklahoma, Marekani, kokoto za mabaki zilitumika kwa miaka mingi katika barabara, nyua za nyumba na viwanja vya watoto kuchezea, na risasi ikaingia katika damu ya watoto. Mji huo hatimaye ulihamwa.

Hatua ya 7: Libomoe lundo bila kuliangusha

Kazi ya kuchimbua inaweza kufanywa kwa matingatinga na malori pale lundo lilipokauka, au kwa mizinga ya maji inayoligeuza kuwa tope linalotiririka hadi kwenye pampu. Mizinga ya maji ni nafuu na haitoi vumbi, ila inaleta maji mengi mahali ambapo maji ndiyo adui. Kanuni zifuatazo hazina mjadala. Maji yaliyosimama juu ya bwawa yaondolewe kwanza, na yasiachwe kamwe kuegemea ukingo. Lundo lichimbuliwe kwa ngazi kutoka juu kwenda chini, na mguu wa ukingo usikatwe kabla ya uzito wa juu yake kuondolewa. Mtu yeyote asisimame chini ya ukuta unaopigwa maji. Pampu za akiba na mfereji wa dharura viwepo kabla ya masika, na piezomita zisomwe kila siku na mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi bila kuomba ruhusa.

Ukali wa kanuni hizi una sababu. Merriespruit, Afrika Kusini, tarehe 22 Februari 1994, maji yaliyojaa juu ya bwawa la mabaki ya dhahabu yalifurika ukingo baada ya mvua kubwa, na watu 17 wakafa. Jagersfontein, katika nchi hiyohiyo, tarehe 11 Septemba 2022, bwawa lililopasuka lilikuwa la mabaki laini yaliyotokana hasa na kuchenjua upya malundo ya zamani ya almasi. Baada ya maafa ya Brumadinho, Brazili, ya Januari 2019, yaliyoua watu 270, ulitolewa mwezi Agosti 2020 Mwongozo wa Kimataifa wa Viwango vya Usimamizi wa Mabaki ya Migodi. Hata mradi mdogo ambao sheria haiulazimishi unafaa kuchukua mambo mawili kutoka humo: mhandisi mmoja anayetajwa kwa jina kuwa mwenye dhamana ya bwawa, na mkaguzi huru asiyelipwa kwa kufuata kiasi cha uzalishaji.

Hatua ya 8: Endesha mtambo kwa mzunguko wa maji uliofungwa

Maji yanayotoka katika mabaki mapya yarudi mtamboni. Hii huokoa fedha, lakini chumvi na metali hujilimbikiza katika kila mzunguko na kuharibu uchenjuaji, kwa hiyo sehemu ya maji itolewe na kutibiwa mara kwa mara. Pale sianidi inapotumika, iharibiwe kabla ya tope kutoka mtamboni. Kanuni ya Kimataifa ya Usimamizi wa Sianidi inaweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita za sianidi inayoachika kwa urahisi katika maji ya wazi ambayo ndege na wanyama wanaweza kuyafikia. Vumbi la mabaki makavu lina silika inayoharibu mapafu, na huenda likawa na arseniki. Lilowanishwe, na wafanyakazi wapewe barakoa zinazochuja kweli, si vitambaa.

Hatua ya 9: Laza mabaki mapya na usafishe sakafu ya zamani

Mabaki mapya yapelekwe mahali palipoamuliwa katika hatua ya 1, na ubora wake upimwe kila zamu, si mwisho wa mwezi. Sehemu yenye salfidi izamishwe chini ya maji ya kudumu ikiwezekana, kwa sababu oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara takriban elfu kumi kuliko hewani.

Sakafu ya lundo la zamani ndiyo husahauliwa kuliko yote. Lundo likishaondoka, ardhi iliyokuwa chini yake huonekana imekuwa huru, lakini mita ya kwanza au zaidi ya udongo wake huwa imekunywa asidi, chumvi na metali kwa miaka mingi. Ichimbwe kwa sampuli kama lilivyochimbwa lundo. Udongo uliochafuka sana upelekwe pamoja na mabaki. Uliobaki utiwe chokaa kwa kipimo cha maabara. Ardhi isitolewe kwa ajili ya nyumba, shule au mashamba ya chakula mpaka vipimo vya udongo na, katika maeneo ya dhahabu yenye urani, vya mionzi na gesi ya radoni, viwe vimeruhusu.

Hatua ya 10: Funika, panda, na uendelee kupima

Umbo la ardhi litangulie mimea. Miteremko ilazwe, ikiwezekana isizidi mita 1 ya kupanda kwa kila mita 3 za mlalo, na maji ya mvua yapewe mifereji ya mawe kabla hayajajichagulia njia. Juu ya mabaki weka tabaka la kuzuia hewa na maji, lenye mfinyanzi au mchanganyiko wa tabaka za chembe laini na za chembe kubwa, kisha udongo wa kuoteshea. Udongo wa juu wa asili uliokwanguliwa mwanzoni mwa kazi uhifadhiwe katika matuta mafupi, ya takriban mita 2, ili viumbe vilivyomo visife kwa kukosa hewa.

Anza na nyasi zinazoshika udongo haraka, changanya samadi au mboji, na baadaye ingiza vichaka na miti ya asili ya eneo hilo. Miti yenye mizizi mirefu isipandwe mahali ambapo mizizi itatoboa kifuniko. Mifugo izuiliwe mpaka majani yapimwe metali, kwa sababu mimea mingine huonekana imestawi vizuri ilhali imejaza kadimiamu katika majani. Jani la kijani si kipimo.

Visima vya uchunguzi viwekwe juu na chini ya mkondo wa maji ya ardhini, na vipimwe pH, salfeti (chumvi inayotokana na asidi ya salfuriki), uwezo wa kupitisha umeme na metali zilizojulikana tangu hatua ya 4. Salfeti huanza kupanda kabla pH haijashuka, hivyo ndiyo ishara ya mapema kwamba kifuniko kinapitisha hewa. Ukaguzi uwe wa kila mwezi katika mwaka wa kwanza, na upunguzwe pale tu matokeo ya masika kadhaa mfululizo yanapokuwa tulivu. Dhamana ya ukarabati irudishwe kwa mafungu, na fungu kubwa lisubiri matokeo ya maji, kwa kuwa nyasi huota katika msimu mmoja, ilhali maji ya asidi yanaweza kuchukua miaka mingi kukifikia kisima cha kwanza.